Mama wa Ndani ya Kompyuta

Jumamosi ile soko la Mulongwe lilikuwa limefurika mpaka barabarani. Pikipiki zilipiga honi katikati ya mafungu ya mihogo, wabebaji walisukuma watu kwa mabega wakipaza sauti, na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, ilikuwa imeshika kila nguo iliyopita pale. Noella alikuwa ameinama mbele ya meza ya Mama Pélagie. Alivaa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, kilichoshonwa kikamkaa vizuri kiunoni, na nywele zake zilikuwa zimesukwa juzi tu, bado zinang'aa mafuta.

"Mama Pélagie, hizi ndagala ni za jana. Minye pua yangu iko nzima."

"Za jana! Weye mutoto, zimetoka Kalundu sasa hivi. Hata zenyewe hazijajua kama zimekufa."

Noella alicheka, akaokota moja na kuinusa. Hapo ndipo sauti ya mwanaume, iliyobanwa ikawa nyembamba na yenye maringo kama ya bibi wa Paris, ilipotoka nyuma ya bega lake:

"Attention! Votre ordinateur est en danger!"

Wauza samaki wote walipasuka kwa kicheko. Noella aligeuka kwa hasira na kumkuta kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, kapu la soko mkononi, meno yote nje.

"Ni weye umesema vile?"

"Ni mimi, dada. Unisamehe. Nilisikia tu sauti yako nikajua, huyu ni Noella wa redio. Na ule mama wako hawezi kuwa mbali."

"Ule mama hayuko wangu!"

"Kumbe? Kila siku muko naye kwa emisyo yako ya redio. Sisi tulifikiri ni shangazi yako."

Kicheko kikaanza upya. Hakukuwa na mtu Uvira, wala Makobola, wala kwenye mashamba ya mpunga ya Luberizi, asiyemjua mama huyo. Redio Ukingoni, alikofanya kazi Noella, ilikuwa na kompyuta moja tu ya kurushia matangazo. Ililetwa kama zawadi na shirika ambalo lilishafunga ofisi na kuondoka, na ndani yake mlikuwa na antivirusi ambayo muda wake ulikwisha zamani. Tangu siku ile haikunyamaza. Kila baada ya kitambo kifupi sanduku jekundu lilichomoza kwenye pembe ya skrini, kengele ikalia, kisha mwanamke akaonya kwa Kifaransa kwamba kompyuta iko hatarini. Sanduku lilikuwa na vitufe viwili: Sasa na Baadaye. Sasa ilitaka neno la siri ambalo walioileta kompyuta waliondoka nalo. Kwa hiyo Noella alibonyeza Baadaye, na baadaye ikafika kabla hajamaliza sentensi.

Mwanamke yule alionya katikati ya habari. Alionya katikati ya misa ya Jumapili. Siku moja mbaya kuliko zote, Noella alikuwa anasoma komunike ya msiba, ametulia, sauti imeshuka. Alipofika mahali pa kusema familia inasikitika, mwanamke yule alimaliza kuchunguza faili zake akatangaza kwa furaha: "Félicitations!" Watoto wa marehemu walifika redioni kabla ya machozi yao kukauka, wakitaka kujua ni nani aliyewapa pongezi.

"Unacheka," Noella alimwambia kijana wa sokoni, "lakini minye ndiye nilipiga magoti mbele ya ile familia."

Kijana akaacha kucheka mara moja. "Pole. Hiyo sikuijua." Akahamisha kapu mkono mwingine. "Ninaitwa Octave. Nafundisha enformatiki, mambo ya kompyuta, kwa sekondari, kule Kavimvira. Nipe namba yako, nitakuja kumunyamazisha."

"Namba ya redio unaijua. Si unasikiliza?"

Noella akalipa ndagala zake, akaondoka bila kugeuka. Mama Pélagie alimwona vizuri, akiwa ameinamisha kichwa, anatabasamu peke yake kama aliyeokota kitu.

Jumatatu, wakati wa salamu za wasikilizaji, simu ya studio iliita.

"Alo, Redio Ukingoni, nani anaongea?"

"Ni Octave. Wa ndagala."

Noella aliziba mikro kwa kiganja, akapumua, akaiachia. "Karibu, Octave wa ndagala. Unamusalimia nani?"

"Nasalimia mutangazaji."

"Mutangazaji amekusikia. Mwingine?"

"Na ule mama wa ndani ya kompyuta. Anaendeleaje?"

Kengele ikalia. "Attention!" akasema mama yule, wazi kabisa, katika kila redio kutoka ziwani hadi uwanda wa Ruzizi. "Votre ordinateur est en danger!"

"Asante, mama," alisema Octave. "Mi pia niko hatarini."

Inasemekana siku ile kwenye gereji moja ya Kalundu mafundi waliacha gari juu ya jeki wakacheka mpaka wakakaa chini. Direkta Cyprien, mkuu wa redio, mtu mnene aliyetembea na leso ya jasho mkononi, alitokeza kichwa mlangoni. "Noella, ule muntu wa enformatiki uliniambia, mwambie akuje. Leo. Kesho. Akuje tu."

Octave alifika Jumatano baada ya shule, chaki bado kwenye mkono wa shati. Alikaa mbele ya mashini, Noella akasimama nyuma yake. Alijaribu kuondoa sauti peke yake. Antivirusi ikataka neno la siri. Akajaribu kuliondoa sanduku lake. Ikataka neno lile lile. Nyuma yake aliisikia pumzi ya msichana na harufu ya mafuta ya nywele zake, na hakutaka kugeuka na kusema ameshindwa. Akaingia kwa mlango mwingine anaoujua, akaizima antivirusi nzima. Moyoni alijiambia kwamba ataleta mpya wiki ijayo.

Walingoja. Kompyuta ilikaa kimya. Wakangoja tena.

"Amenyamaza?" Noella alinong'ona.

"Amenyamaza. Mashini yako imepona."

Noella alirusha mikono juu, akacheza palepale kati ya meza na kabati, kitenge kikipepea, na Octave alimtazama akasahau wiki ijayo na zote zitakazofuata.

Mapenzi yao yalianza bila tangazo. Octave alikuwa akimngoja Noella nje ya redio wakati jua likishuka nyuma ya milima ya Itombwe, wakatembea mpaka ufukoni kula mikeke, samaki wa ziwa, ya kuchoma, vidole vikichovya katika sahani moja. Wakiwa mbali, walipigiana simu.

"Umekula, sheri?" Octave aliuliza.

"Nimekula. Na weye?"

"Mi nangojea nikusikie kwanza."

"Basi leo utakufa na njaa, juu mi niko na kazi."

"Kazi gani inakushika kuliko mimi?"

"Kuna bwana harusi anatakiwa kulia, na hajui kulia."

Kazi yenyewe ilikuwa mchezo wa redio. Noella aliutunga na kuuongoza, na kila Jumapili mchana mji ulitulia kuusikiliza. Ulihusu msichana wa Makobola, Vumilia, na kijana aliyempenda, na mama mkali wa huyo msichana, aliyesimama kati yao. Vumilia alikuwa Noella mwenyewe. Mama mkali alikuwa Mama Pélagie, ambaye sokoni wateja walimwogopa kwa ajili ya mchezo. Bwana harusi alikuwa Pitchou, dereva wa pikipiki mwenye sauti nzito ya kupendeza, ingawa machozi yalimkataa. Octave alihudhuria mazoezi yote, akikaa kwenye kona na madaftari ya wanafunzi wake, midomo ikicheza bila sauti kila Pitchou aliposema.

Sehemu ya mwisho, ya kuombwa kwa Vumilia, iliwachukua muda mrefu kuirekodi. Watu walishasimamisha safari kwa ajili ya Jumapili ile. Mwanamke mmoja wa Lubarika alipiga simu kuuliza kama anaweza kuahirisha kujifungua.

Alhamisi, kwaya moja ilileta fulashi yenye nyimbo mpya. Noella aliichomeka kama alivyochomeka mamia mengine. Skrini ilipepesa mara moja. Kisha majina ya faili yakaanza kubadilika mbele ya macho yake, moja baada ya lingine, yakawa herufi zisizosomeka. Alibofya muziki: mashini ikakataa kufungua. Akabofya matangazo: ikakataa. Akabofya sehemu ya mwisho ya mchezo: hiyo nayo ikakataa.

Akampigia Octave.

"Mupenzi, kuja mbio. Kila kitu kimeharibika. Mchezo haufunguki. Nyimbo hazifunguki. Sijui ni nini, haikuonya, haikusema kitu…"

Upande wa pili zilisikika kelele za wanafunzi tu.

"Octave? Uko?"

"Niko. Noella, haikuonya juu niliizima."

"Ulizima ule mama. Najua."

"Hapana. Nilizima yote. Ile antivirusi ilikuwa imezeeka, lakini ilikuwa bado inafanya kazi yake. Sikuweza kuondoa sauti peke yake, basi nikaua yote. Nilitaka kuleta ingine. Ulipocheza vile, nikaona haya kukuambia. Na nyuma nikasahau."

Noella alikaa chini polepole. "Uliniambia imepona."

"Nilikudanganya."

"Minye nimechomeka fulashi za mji muzima humu ndani, kila siku, nikifikiri niko salama. Juu ni weye umeniambia."

"Sheri, nakuja sasa hivi, nita…"

"Octave. Kelele ya ule mama ningeibeba. Uongo wako siwezi." Akakata.

Octave alikuja hata hivyo na kuikalia mashini mpaka giza likaingia. Noella hakukaa naye chumba kimoja. Hakuna hata faili moja iliyofunguka.

Direkta Cyprien alipouliza ni nani aliyegusa mashini, Noella alijibu kwamba mashini iko chini yake na ameshaharibikiwa nayo. Hakutaja mtu. Direkta alijifuta jasho kwa hasira. "Bantu wote wanangojea Jumapili. Ukiwanyima, Jumatatu usije kuniomba emisyo ingine."

Asubuhi ya Ijumaa, Noella alipokuwa anapanda ngazi za redio, aliwaona Octave na Direkta wakitoka ofisini. Wanaume wawili walipeana mikono kwa nguvu, Direkta akampiga Octave begani. Octave alipomwona alifungua mdomo, lakini Direkta aligeuza uso haraka, akatazama ukuta. Noella akaelewa alichoelewa: amekuja kujisafisha, mzigo wote umeniangukia. Akapita bila salamu. Ngazini palepale alitoa simu na kuifungia namba ya Octave.

Alilia kidogo chooni, akanawa uso. Kisha akakaa kwenye dawati na kuanza kukumbuka. Mchezo ulikuwa umepotea ndani ya mashini, lakini kichwani mwake ulikuwepo wote, kutoka hodi ya kwanza mpaka vigelegele. Na kama ulikuwa kichwani mwake, ulikuwa pia katika vichwa vya waigizaji. Jumamosi akarudi sokoni akiwa na viatu vya kutembelea na kitambaa kichwani, hajajipamba, macho yamemtoka.

"Mama Pélagie, acha hizo ndagala unisikilize. Kesho mchezo tunaucheza mubashara. Hakuna kurekodi. Uwanjani kwa redio, bantu wakitutazama. Ukikosea, umekosea mbele ya Uvira nzima."

Mama Pélagie aliinuka, akajipangusa magamba ya samaki kwenye aproni. "Minye nikosee? Ni weye uogope, mutoto wangu." Halafu uso wake ukabadilika. "Lakini Pitchou hayuko. Alipeleka muntu Bukavu, mvua imekata barabara. Ameshindwa kushuka."

Noella alishika ukingo wa meza. Mchezo wa kuomba mchumba, na mwombaji yuko upande wa pili wa mlima.

"Kuna muntu anajua maneno ya Pitchou yote," alisema Mama Pélagie.

"Usinitajie."

"Namutaja. Hukusikia alichofanya? Alienda kwa Direkta wenu kumwambia ni yeye aliyezima ile kitu, weye hukujua. Alisema wakikufukuza, waandike na jina lake mulangoni kama muharibifu. Direkta amepata haya ya kukutazama juu alikufokea bure. Na ile mashini inatangaza leo ni ya Octave mwenyewe, ya kazi yake ya shule."

"Sasa mbona hakuniambia?"

"Atakuambia kupitia wapi? Telefone yake umeifungia!"

Noella alikwenda pembeni, nyuma ya mafungu ya makaa, akaifungulia ile namba. Iliita mara moja tu.

"Noella?"

"Ni kwa kazi."

"Hata kwa kazi, sawa."

"Kesho tunacheza mubashara. Pitchou hayuko. Sehemu yake unaijua?"

"Naijua yote. Na yako pia. Na ya Mama Pélagie, lakini hiyo naiogopa."

Alitaka kucheka, akajizuia. "Nimesikia juu ya Direkta. Asante. Lakini bado niko na uchungu, Octave. Mi nikiuliza kitu, nataka unijibu, hata kama jibu ni baya. Kuna kitu ingine hujaniambia?"

Octave alifikiri kweli, Noella alimsikia akifikiri. "Kimoja. Zile ndagala za siku ya kwanza zilikuwa za jana. Nilizinunua nyuma yako juu ya kubaki nakutazama, nikaumwa na tumbo siku mbili."

Kicheko kilimponyoka Noella kabla hajakikamata.

Jumapili uwanja wa redio ulijaa tangu misa ya kwanza ilipotoka. Walikuja na viti vyao, wengine na mikeka, akina mama na watoto mgongoni, wavulana wakapanda ukutani. Spika mbili zilifungwa juu ya nguzo na nyaya zikavutwa mpaka studio. Noella alitoka akiwa amevaa kitenge chekundu chenye mng'ao wa dhahabu, na shanga nyeupe shingoni kama bibi harusi wa kweli. Octave alikuwa amevaa koti la bluu la kaka yake, lililombana mabegani. Alipomwona Noella alisahau kufunga kifungo.

"Kabla hatujaanza, tazama," alimwambia, akamgeuzia kompyuta. "Hii antivirusi ni mpya, na iko inafanya kazi. Sauti nimezima. Sanduku sikulizima. Haya ndiyo nimefanya, na neno la siri ni lako, uliandike weye. Likitokea sanduku, usibonyeze Baadaye. Soma kwanza."

Noella alisoma kila mstari kwenye skrini, bila haraka, huku watu wakipiga makofi nje. Akaandika neno lake la siri. "Sawa," alisema. Ilikuwa sawa yake ya kwanza kwa Octave tangu Alhamisi.

Wakaanza. Mama Pélagie alipofungua mdomo, watoto wa mbele walirudi nyuma. Noella alipolia kama Vumilia, bibi mmoja alisimama akamtukana mama mkali hadharani, na Mama Pélagie akamjibu bila kutoka kwenye mchezo. Walipofika mahali pa wimbo wa wageni wa harusi, Direkta mwenyewe alileta mbio fulashi aliyopewa na kwaya. Noella aliichomeka.

Sanduku jekundu likachomoza, kimya. Mkono wake, kwa mazoea ya zamani, ulitaka kubonyeza Baadaye na kuendelea. Aliuzuia, akasoma: kuna virusi ndani ya hii fulashi, imezuiwa. Akaichomoa, akaiweka mfukoni, akamtazama Octave. Mikro zilikuwa wazi. Redio nzima ilikuwa inangoja wimbo.

Noella akaanza kuimba mwenyewe, bila ngoma, wimbo wa Kirundi wa kumsindikiza bibi harusi. Mama Pélagie akaudaka. Akina mama wa uwanjani wakaudaka kwake, wanaume wakaanza kupiga viti kwa viganja, wavulana wa ukutani wakapiga miluzi, na wimbo ukatoka kwenye spika mkubwa kuliko kwaya yoyote iliyowahi kuingia studio ile. Direkta Cyprien alicheza na leso yake juu. Simu ya studio ilikuwa inawaka bila kupumzika.

Wimbo ulipotulia, ilikuwa zamu ya bwana harusi. Octave alisimama mbele ya Mama Pélagie, koti limembana.

"Mama, sikuja kwa maneno mengi. Nimekuja kumuomba Noella."

Wavulana wa ukutani wakatazamana.

"Nani?" Mama Pélagie alifoka, haraka kama kisu cha samaki. "Katika nyumba yangu kuna Vumilia! Huyo Noella ni wa nani?"

Watu walipiga kelele. Octave alifumba macho, akayafumbua. "Nimekosea jina, Mama." Akamtazama Noella. "Hapana. Sikukosea."

Macho yote yakamgeukia Noella. Angeweza kuurudisha mchezo kwenye njia yake kwa sentensi moja, aliijua. Alisogea kwenye mikro.

"Mama," alisema kwa sauti ya Vumilia, "Noella ni jina langu la ubatizo. Mwache muntu amalize kuomba."

Vigelegele vilivyofuata havikuwa vimeandikwa popote. Mchezo ulimalizika katikati yake, na hakuna aliyesikia maneno ya mwisho. Hawakuyahitaji.

Direkta alifungua simu kwa wasikilizaji. Walipiga kutoka Makobola, walipiga kutoka ng'ambo ya mpaka, Gatumba, walipiga wavuvi wakiwa ziwani. Halafu ikaingia sauti nzito ya mzee, na Noella aliposikia salamu yake alijishika kifua.

"Alo, redio? Hapa ni Havyarimana, Luberizi. Minye ni baba wa huyo Noella. Nauliza kitu kimoja. Huyo kijana alikuwa anacheza ao alikuwa anasema kweli?"

Octave akavuta mikro. "Mwanzo nilikuwa nacheza, Baba. Mwisho nilikuwa nasema kweli."

"Binti yangu haombwi kwa redio. Kuja huku nikuone."

Jumapili iliyofuata walipanda gari la kwenda uwandani, Octave na wajomba wake wa Lubarika na shangazi wawili wenye vitenge vipya, na Mama Pélagie ambaye hakuna aliyemwalika. Mpunga ulikuwa umefika magotini, kijani kila upande mpaka mlimani. Mzee Havyarimana aliwakalisha uani, akawapa mvinyo wa ndizi, akasikiliza maneno ya wajomba mpaka mwisho bila kuonyesha kitu usoni. Kisha akamgeukia Octave.

"Nasikia ulimudanganya binti yangu."

Shangazi wakashtuka. Octave aliweka kikombe chini. "Ndiyo, Baba. Nilimudanganya. Nilimwambia nimetengeneza kitu, na sikukitengeneza. Kidogo apoteze kazi yake."

"Na unaniambia hivi leo, siku ya kuomba?"

"Aliniambia nikiulizwa nijibu, hata kama jibu ni baya."

Mzee alimtazama binti yake, aliyesimama mlangoni na kitambaa cheupe begani.

"Noella. Huyu muntu unamutaka?"

Noella hakuharakisha. Alishuka kizingiti, akavuka ua mbele ya wote, akapita wajomba, akapita Mama Pélagie aliyekuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, mpaka akasimama kando ya kiti cha Octave.

"Namutaka, Papa," alisema, kwa sauti yake ya redio, iliyosikika mpaka kwa majirani. "Ni mimi namutaka."

Akina mama wa Luberizi walijibu kwa vigelegele kabla mzee hajafungua mdomo, na watu waliokuwa mashambani wakaacha majembe yao wakaanza kuja.